Bao ni Bao, Hata la Daraja la Nne

 

Juzi kijiweni, kwenye kahawa, ulizuka ubishi: nani kinara wa mabao katika historia ya ligi za Uingereza? Wengi wakamtaja Alan Shearer na mabao yake 260 ya Ligi Kuu. Mimi nikasema Arthur Rowley. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaangua kicheko. "Huyo umemtoa wapi?"

Haya, nimemtoa huku. Rowley alizaliwa Wolverhampton mwaka 1926. Alianzia West Bromwich Albion, akafunga mabao manne tu ya ligi, wakamwachia aende Fulham mwaka 1948. Mwaka 1950 akatua Leicester City, wakati huo ikiwa Daraja la Pili, na hapo mguu wake wa kushoto ukaanza kusema. Msimu wa 1956/57 alipachika mabao 44 ya ligi, Leicester wakatwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 32, mwingine angefikiria kustaafu. Yeye akaenda Shrewsbury Town kuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, tena katika Daraja la Nne, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa linaanzishwa. Msimu huo huo akafunga 38, timu ikapanda. Alipotundika daluga mwaka 1965 alikuwa na mabao 434 katika mechi 619 za ligi. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo.

Utajiri hakuupata. Hadi Januari 1961 hakuna mchezaji wa ligi, hata awe nyota vipi, aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Kaka yake, Jack, alitamba Manchester United na kuitwa timu ya taifa ya wakubwa. Arthur hakuichezea hata mechi moja. Alifariki mwaka 2002.

Jamaa mmoja akadakia: "Sasa mabao ya Daraja la Nne nayo ni mabao?" Swali hilo lilinichoma, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana mhariri aliniondoa kwenye mechi za Ligi Kuu akanipa ligi ya wilaya. Nililiona kama adhabu, basi nikawa nalipua kazi. Nafika kipindi cha pili, nauliza matokeo, naondoka. Siku moja mchezaji akanipigia simu: "Kaka, nilifunga mawili. Mbona umeandika tu wenyeji walishinda 3-1?" Mama yake alikuwa amenunua gazeti ili aone jina la mwanawe. Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana Rowley hanitoki kichwani. Ile 434 tunaijua kwa sababu kila Jumamosi kuna mtu alikaa kwenye viwanja vidogo, akaandika nani kafunga na dakika ya ngapi. Wangelipua kama mimi, leo tusingekuwa na cha kubishania.

Nimenunua daftari jipya. Jumamosi hii nitakuwa uwanjani kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa, na yule kijana anacheza.

Au mnasemaje wadau, bao la mchangani si bao?