Kariakoo, Usiku wa Tatu-Tatu

Hoteli yenyewe ilikuwa Kariakoo, juu ya duka la vitenge, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Ubungo na Manzese kulikuwa na vyumba nafuu zaidi, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari hizo. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, Simba na Yanga walikuwa wanakutana, na kundi letu kutoka Morogoro lilikuwa na wapenzi wa pande zote mbili. Kulala Kariakoo ni kulala katikati ya watani: makao ya Simba yako Msimbazi, ya Yanga yako kwenye kona ya Twiga na Jangwani, unatoka huku hadi kule kwa miguu. Klabu hizo zimekuwapo tangu miaka ya 1930.

Mzee wa mapokezi alitufungulia kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Fundi cherehani wetu, mwana Simba wa kufa na kuzikana, aliandika kwenye uendako: Uwanja wa Taifa. Mzee alisoma, akaguna, "Haya, wanangu, nendeni, lakini mrudi mkiwa ndugu." Akatupa funguo, ndala na kisabuni kimoja kimoja kwa kila kitanda.

Mchezo wenyewe waliokuwapo wanaujua. Ngassa akafunga, Kiiza akafunga mara mbili, hadi mapumziko Yanga wanaongoza tatu bila. Fundi alikaa kimya, mikono kichwani, na mwalimu wetu, ambaye ni Yanga, alimnunulia maji bila kumtania. Kitendo kile nimekihifadhi moyoni kuliko mabao yote. Kipindi cha pili Mwombeki akarudisha moja, Owino la pili, na dakika za mwisho Kaze akasawazisha. Mwalimu alipokaa chini, fundi ndiye aliyemshika bega.

Njiani kurudi Yanga walitembea kama waliofungwa, Simba kama waliotwaa kombe, na wote walikuwa na pointi moja.

Usiku ule vyumba vyetu vingine vilibaki vitupu. Tulivuta magodoro yote kwenye chumba kimoja, feni ikizunguka kwa kelele, mishkaki na chipsi mayai kwenye gazeti katikati yetu. Hoteli nzuri kuliko ile nimelala baadaye, zenye lifti na kiyoyozi, kila mtu na kadi yake ya mlango. Sipendi mlango ule unavyojifunga wenyewe nyuma yangu. Pale Kariakoo mlango ulikuwa wazi hadi alfajiri na niliwapenda watu wale kwa namna ambayo sijawahi kuwaambia.

Mwalimu alitaka kuonyesha makosa ya mabeki wake. Akapanga visabuni sakafuni: vilivyofunguliwa ni Simba, vyenye karatasi ni Yanga, ndala mbili ndizo goli. Bao la tatu lilirudiwa mara nyingi, kila mtu akiwa ameliona tofauti. Usiku wa manane mgeni wa chumba cha jirani akasimama mlangoni, mtu mzima mwenye msuli. Tukanyamaza, tukijua tumemnyima usingizi. Aliangalia sakafu kwa muda, akachuchumaa, akamsogeza beki mmoja wa Yanga karibu na goli.

"Huyu alikuwa hapa," akasema. "Endeleeni."