Gitaa Langu Lilipopata Nafasi

Nilipoanza kupiga gitaa la solo hapa Machakos, miaka ya tisini, amplifaya yetu ilikuwa sanduku la mbao lililobebwa na watu wawili. Ndani mlikuwa na spika moja ya inchi 12, na mbele swichi tatu za kuzungusha: sauti, besi na trebo. Tulilipakia juu ya matatu, tukalifunga kwa kamba, tukaenda Masii, Kathiani au Wamunyu, popote palipokuwa na harusi au harambee. Nililiona sanduku hilo kuwa dalili ya umaskini wetu.

Tulikuwa watoto wa benga. Muziki huu ulianzia kwa Waluo, ukaenea hadi Ukambani, na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakautia ladha yetu, wakauimba hata kwa Kiswahili ili na jirani acheze. Katika benga, solo ni mwimbaji wa pili. Sauti ya mtu ikinyamaza, gitaa linamjibu; maneno yakiisha, magitaa yanashika usukani na watu wanaacha viti. Kila noti lazima idondoke peke yake, kama punje za mahindi kwenye sufuria tupu.

Usiku mmoja jenereta iliruka, sanduku likatoa moshi. Fundi alilifungua, akatikisa kichwa. Wakati huo vifaa vya dijitali vilikuwa vimeshafika. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilikuwa imetoa POD, kifaa kidogo cha mezani kilichoiga sauti za amplifaya nyingi, na wengine wakafuata mkondo huo. Nilidunduliza hadi nikapata kifaa cha aina hiyo, cha kukanyagwa kwa mguu, kilichotumika kidogo. Kiliingia kwenye mkoba wa shule.

Nyumbani, hedifoni masikioni, nilikesha. Niliongeza besi mpaka gitaa likanguruma, nikaweka mwangwi, nikaweka mkwaruzo. Sijawahi kupenda sauti yangu kiasi kile.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Mumbuni. Nilichomeka waya kwenye mikisa, tukaanza, na gitaa langu likapotea. Niliona vidole vyangu vikienda, sikio halikupata kitu ila mvumo. Nikaongeza sauti, nikaongeza tena. Mpiga besi wetu, mzee aliyenifundisha nyimbo nyingi, akanisogelea.

"Kijana, unanifunika, na wewe mwenyewe husikiki."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Ilinichukua miaka kuelewa sababu yake. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi hupiga hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na ule wa gitaa la kawaida hezi 82. Ngoma kubwa ya mguu nayo iko huko huko chini. Besi niliyoijaza chumbani ilikwenda kugombania kiti na wenye kiti. Tena sikio la binadamu, muziki ukipigwa polepole bila kelele, halizisikii vizuri sauti nzito. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo mwaka 1933. Kwa hiyo ukiwa peke yako usiku unaziongeza, na ukifika ukumbini sauti ikapanda, zinavimba na kumeza kila kitu.

Nikaanza upya, safari hii mazoezini, wenzangu wote wakipiga. Nilikata kila kilicho chini ya hezi 100, nikainua sauti za kati, nikaondoa mkwaruzo, nikabakiza mwangwi wa kuonja tu. Nikiwa peke yangu, sauti hiyo ilikuwa nyembamba, karibu ya kuudhi. Ngoma na besi vilipoingia, ilisimama wima.

Ikabaki spika. Spika ya gitaa huanza kushuka ikipita hezi 5,000 hivi, lakini spika za ukumbini hupanda mbali zaidi. Ndiyo maana kifaa kina sehemu ya kuiga sanduku la spika. Niliwahi kuizima nikitumia spika za ukumbini, gitaa likalia kama nyuki kwenye debe. Nikaiwasha nikitumia spika ya gitaa, likawa kama limefunikwa blanketi. Sasa natumia spika moja ya ukumbini, ya inchi 12, sehemu hiyo ikiwa imewashwa. Naiweka juu ya stendi nyuma yangu, usawa wa sikio, kwa sababu spika ya sakafuni huimbia magoti.

Siku moja nilisikiliza kanda yetu ya zamani, iliyorekodiwa enzi za sanduku la mbao. Nililia. Sauti niliyoitafuta kwa hesabu zote hizo ilikuwa mle, ile ile: haina besi nyingi, haina ukali, kila noti mahali pake. Sanduku lilikuwa likinikatia kilichozidi, nami nikadhani linaninyima.

Desemba iliyopita tulipiga Kathiani. Maneno ya wimbo yalipoisha, nikaingia na solo, sijagusa swichi ya sauti. Mzee alinitazama, akainama kwenye amplifaya yake, akapunguza besi kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa ameipandisha ili asizamishwe nami.