Mnazi Mmoja Baada ya Alasiri

Kama una jioni moja tu Unguja, usiimalizie Forodhani. Shuka kupitia Mkunazini, lipite kanisa lililojengwa penye soko la watumwa, utokeze Mnazi Mmoja. Jua limelegea, upepo wa kusi unavuma, vijana wanagombea mpira. Uwanda huu ulipakana na hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla halijafukiwa. Enzi za Mwingereza kriketi ilichezwa hapa, na Wahindi na Wagoa wa mjini waliipenda kwa dhati.

Kusini ya hapa ni Kiungani. Karne ya 19 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na skuli huko, na miongoni mwa wanafunzi walikuwamo vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Pamoja na vitabu walifundishwa kandanda na kriketi. Kila nikipita huko huwaza kijana aliyetekwa bara, akavushwa kwa minyororo, kisha siku moja akasimama na gongo mkononi, akisubiri mpira. Sijui kisa cha kriketi kinachonigusa kuliko hicho.

Ukirudi mjini, mbele ya bandari ndipo tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga jumba la Sultani Sayyid Khalid bin Barghash. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na vita vikamalizika kwa dakika 38 hivi. Katika kriketi ya siku tano, mapumziko ya chakula cha mchana pekee ni dakika 40.

Lakini kisa cha kriketi ninachopenda kukisimulia barazani ni cha mtoto wa Mombasa, maana pwani yetu ni moja. Asif Karim alikwishastaafu mwaka 1999. Kenya ikamwita tena kwa Kombe la Dunia la 2003, umri wake miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Australia, mabingwa wa dunia, walihitaji mbio 175 tu. Asif akaanza kurusha, taratibu, mpira unazunguka, na magwiji wale wakafungwa mikono. Ricky Ponting akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg naye akatoka. Alirusha ova 8 na mipira miwili; ova sita kati ya hizo hawakupata hata mbio moja. Jumla walimpata mbio saba. Australia walishinda, ila mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa Asif.

Cha Asif kimeandikwa na dunia inakijua. Vya Mnazi Mmoja vingi vimo vifuani mwa wazee, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilizocheza hapa zilihama, nyingine hadi Uingereza na Kanada. Basi wewe msomaji, ukiwa na babu aliyewahi kushika gongo kwenye uwanja huu, mkalishe barazani leo, mtilie kahawa, umrekodi.