Mtoto Akililia Bembea Tabora

Mama mwenzangu, Tabora ni mji ambao wengi wetu tumeuona usiku tu, kupitia dirisha la behewa. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye likaongezwa tawi la kwenda Mwanza. Basi wasafiri hushuka, hununua asali na karanga, hubadilisha treni, na kuondoka. Lakini mji huu unastahili kukaliwa siku mbili tatu, hasa ukiwa na watoto. Una vivuli vya miembe, una historia ambayo mtoto anaweza kuigusa kwa mkono wake, na mwezi wa Agosti una maonyesho ya wakulima ya Nane Nane katika viwanja vya Ipuli, ambako baba, mama na watoto hutembea pamoja.

Napenda tuzitembelee sehemu hizo, huku tukizungumzia swali moja linalowasumbua akina mama wengi wanapotoka na watoto kwenda kwenye michezo: je, mtoto huyu amefikia kimo cha kupanda chombo hiki, au bado?

NJIA YA MISAFARA

Kabla ya reli, watu walifika Tabora kwa miguu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ulikuwa kama kilomita 1,200. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya mahali ambapo Tanzania inapendekeza pawe Urithi wa Dunia, na Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ni kimojawapo cha vituo vilivyotajwa.

Wapagazi mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: pembe za ndovu kuelekea pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Akina mama nao walisafiri na waume zao, vyombo vya kupikia kichwani na mtoto mgongoni.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo kulikuwa kama kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto wa miaka sita au saba walibeba pembe ndogo begani. Hebu tulitafakari neno hilo, pembe ndogo. Mtoto alitamani kuwa kama baba yake. Hakukatazwa kabisa, wala hakutwikwa frasila mbili. Alipata pembe ya kadiri yake.

Lakini tusiwafiche watoto wetu kwamba njia hiyohiyo ilipitisha pia watumwa, na wengi wao walikuwa watoto. Hao hawakuwa na mama wa kusema, "Huyu bado mdogo." Mwendo ulikuwa mmoja kwa wote, mwenye miguu mirefu na mwenye miguu mifupi. Aliyeshindwa aliweza kuachwa njiani.

Ukifika Kwihara utaona tembe, nyumba ya kuta nene za udongo, ambayo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Ni mahali patulivu. Wape watoto nafasi ya kuuliza maswali, na usiwe na haraka ya kujibu yote.

BEMBEA ZA MAONYESHO

Kwenye maonyesho kama ya Nane Nane watoto huvumilia kidogo kutazama ng'ombe, mizinga ya nyuki na majani ya tumbaku. Baada ya hapo huvuta mkono wa mama kuelekea kwenye michezo. Huko kuna bembea za kuzungushwa kwa mkono, bembea za viti vya minyororo zinazoendeshwa kwa mota, puto kubwa la kurukia, na pengine vigari vya kugongana. Katika viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani kila chombo kina ubao uliochorwa mstari, na mtoto asiyefika kwenye mstari hapandi. Kwenye maonyesho yetu mara nyingi ubao huo haupo. Ubao ni mama.

Nilisimama karibu na bembea moja ya minyororo nikamtazama mama aliyekuja na binti wa miaka minane hivi na mvulana mdogo wa miaka mitano. Mvulana alikuwa wa kwanza kukimbilia kiti. Mnyororo wa mbele, ambao kwa mtu mzima hukaa kiunoni, kwake ulikuwa mbele ya kidevu. Kijana wa bembea akasema kwa upole, "Mayu, mwache apande tu, huyu ni mwepesi." Mama akautazama mnyororo, akamtazama mtoto, akamshusha. "Bado, baba," alimwambia. Mtoto alilia kwa sauti, na watu wakageuka kutazama. Dada yake alipanda, akafunga mnyororo, miguu yake ikining'inia vizuri na mikono ikishika pande zote mbili. Mdogo akapelekwa kwenye bembea ya kusukumwa kwa mkono, akiwa bado analia.

Akina mama, tunajua jinsi dakika kama hiyo ilivyo nzito. Umekwisha kulipa, foleni inasukuma, mtoto analia, na wengine wanaona kama unamnyima raha. Kwa hiyo ni vema tujue kwa nini mama yule alikuwa na haki.

KWA NINI KIMO NA SI UMRI?

Kijana wa bembea alidhani wepesi ni usalama. La hasha. Bembea ya kuzunguka ikishika kasi, kiti chenye mtoto na kiti chenye mtu mzima huinuka kwa kadiri ileile. Wepesi hauondoi nguvu ya mzunguko inayomsukuma nje. Kinachomzuia mtoto asichomoke ni kiti, mnyororo na mikono yake mwenyewe.

Chuma au mkanda wa kumzuia mtu ni kama mbeleko. Mbeleko hufungwa kulingana na mwili wa mtoto, na ikilegea mtoto huchuruzika chini. Vivyo hivyo chuma cha bembea kimetengenezwa kikae juu ya mapaja na nyonga za mtu wa kimo fulani. Kwa mtoto mfupi kitakaa tumboni au kifuani, na chini yake patabaki nafasi ya kupenya. Tena kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na shingo haijakomaa. Chombo kinachosimama ghafula au kupinda kwa kishindo humtikisa mtoto kuliko kinavyomtikisa mkubwa. Na ikiwa miguu haifiki sakafuni, hana pa kujikaza.

Ndiyo maana viwanja vikubwa hupima kimo. Vyombo vya mwendo wa wastani mara nyingi huhitaji sentimita 100 hadi 112. Vyombo vikali huhitaji sentimita 120, au 140. Kwa wastani wa dunia, mtoto wa miaka mitano ana sentimita 110 hivi, wa miaka saba 121, na wa miaka kumi 138. Lakini huo ni wastani tu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania karibu watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutimiza miaka saba huku mwili wake ukiwa wa miaka mitano. Tiketi ya treni huuliza umri. Nauli za treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma zilipotangazwa mwaka 2024, mtoto wa miaka 4 hadi 12 aliwekewa nusu nauli. Bembea haijui umri. Inajua mwili.

Jambo hili si geni kwetu. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa vichache, mtoto aliyepelekwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Asiyefikia alirudi nyumbani hadi mwaka ujao. Hakuna aliyeona ni aibu.

Kipimo si kwa wadogo tu. Machi 2022, mjini Orlando huko Marekani, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye chombo cha kushuka kwa kasi, akafa. Chombo kiliwekewa kikomo cha kilo 130 hivi, naye alikuwa na zaidi ya kilo 170. Kizuizi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa hivi kwamba kilibaki wazi kuliko kawaida, na chombo kikaruhusiwa kuondoka. Hapo palikuwa na mitambo ya kisasa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Huyu hapana."

KABLA HUJAMPANDISHA

1. Mpime mtoto nyumbani kabla ya safari. Tumia futi ya fundi cherehani, kisha weka alama za uzi kwenye pindo la khanga yako, sentimita 100 na 120. Khanga huwa nawe popote.

2. Tazama chombo kikizunguka mara mbili nzima kabla ya kulipa. Sikiliza kama kinagonga au kukwaruza. Angalia kama nguzo zinatikisika, na kama nyaya za umeme zimelala chini wanakopita watoto.

3. Mketishe kwanza kikiwa kimesimama. Mgongo ugote kiti, mnyororo au chuma kikae chini ya tumbo, mikono ifikie pa kushika. Moja likikosekana, mteremshe.

4. Usimpakate mtoto kwenye chombo cha kasi. Chuma kitasimama kwenye mwili wako wewe uliye mkubwa, na mtoto atabaki bila kizuizi. Kikisimama ghafula, uzito wako wote unaweza kumbana.

5. Funga vizuri khanga, mtandio na kamba za viatu. Nguo inayopepea huweza kunaswa na mtambo. Mama mjamzito abaki chini, awe mtazamaji.

6. Kwenye puto la kurukia, usichanganye wakubwa na wadogo. Mtoto wa miaka mitatu akiangukiwa na wa miaka kumi, ataumia.

7. Kabla hakijaondoka, kubaliana na kijana anayekiendesha jinsi utakavyomwonyesha kwa mkono asimamishe. Asiyekubali kusimamisha asipewe mtoto wako.

Jioni, wakati wa kurudi mjini, bodaboda zitakuwa zinangoja getini. Hiyo nayo ni bembea, tena isiyo na mnyororo. Kanuni za usafirishaji Tanzania zinakataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9 kwenye pikipiki ya abiria. Sababu yake unaweza kuiona kwa macho: miguu yake haifiki pa kukanyagia, na mikono yake haimzunguki dereva. Mama aliyekuwa mkali kwenye bembea asilegee getini kwa kuwa amechoka. Chukueni bajaji au daladala, hata kama mtangoja.

NENO LA "BADO"

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walitaka ajifunze kwa kidonda kidogo cha kidole. Lakini mtambo wa kasi hautoi kidonda kidogo, na aliyechomoka hewani hapati nafasi ya kujifunza. Wembe huo tusiwape.

Hata hivyo, mtoto anayeambiwa "hapana" kila mara bila sababu atajificha na kupanda usipokuwepo. Kwa hiyo usiseme "hapana", sema "bado", na umwonyeshe maana yake. Mwonyeshe uzi kwenye khanga: "Leo uko hapa, chombo kile kinataka ufike hapa." Halafu mtafutie kinachomfaa siku ileile: bembea ya mkono, safari ya kwenda bwawa la Igombe kutazama maji, au kipande cha sega la asali. Huyo naye anahitaji kurudi nyumbani na jambo la kusimulia.

Mtoto wa Kinyamwezi hakungoja awe mtu mzima ndipo aguse pembe, alibeba ndogo kwanza. Mpe wako ya kimo chake, na mwakani, kabla ya Nane Nane, mpime tena.