Kabla ya kumwahidi mtoto wa mwenzio

"Mtarudi lini?"

Swali hilo alituuliza msichana wa darasa la tano, asubuhi tunaondoka Ukerewe. Kwa siku tano kwaya yetu ya kanisa ilikuwa katika shule moja kisiwani humo. Tulifundisha nyimbo, tukapaka rangi madarasa mawili, na jioni tukasali pamoja na walimu.

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu wa miaka 13 akajibu, "Krismasi!" Watoto wakashangilia. Mimi nikanyamaza. Nauli ya safari ile tuliichanga kwa miezi minane.

Melini, kutoka Nansio kurudi Mwanza, nikamuuliza, "Krismasi tutakuja na nini, mwanangu?"

Akaanza kulia. "Sasa mama, ningemwambiaje?"

Hapo nikaona kosa ni langu pia. Nilimfundisha kufungasha madaftari ya zawadi, sikumfundisha kuaga.

Tulipofika nyumbani akaandika barua: "Nilisema Krismasi bila kumuuliza mama. Nisamehe. Sijui kama tutarudi, ila nitakuandikia." Tukaituma kupitia kwa mwalimu mkuu.

Baada ya wiki tatu jibu likaja, limeandikwa kwa penseli: "Sijakasirika. Wageni wote husema watarudi. Wewe ndiye wa kwanza kuandika."

Binti yangu aliisoma mara mbili, kisha akaniomba karatasi nyingine.

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mwanao kuhudumu, mfundishe pia kuaga kwa ukweli. Watoto wa kule wanakumbuka tulichosema.