Hizo si za Wazungu?

Kinngait, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, hakuna barabara ya kufika. Ni ndege, au meli za kiangazi. Nilikwenda kikazi.

Tangu 1959, wasanii Wainuit wa pale huchonga picha kwenye jiwe, wakapaka wino, wakakandamiza karatasi. Kwa kawaida nakala 50, basi. Bundi wa Kenojuak Ashevak wa 1960 alifika mpaka kwenye stempu. Lakini picha nyingi zilipanda ndege kwenda kuuzwa kusini. Jengo jipya lenye ukumbi wa maonyesho limefunguliwa 2018 tu.

Humo nilimwona bibi akimsogeza mjukuu wake karibu na picha, kidole kikifuata mistari hewani. Sikuhitaji mkalimani.

Nikawaza kwetu Dar. Habari za wachoraji wa Tingatinga nimeziandika mara tatu. Ukutani kwa mama je? Kalenda ya benki.

Usiku nikampigia. "Mama, nikija nakuletea picha."

"Ya huko kwenye barafu?"

"Hapana, ya hapo Oysterbay."

Akacheka. "Za Tingatinga? Hizo si za Wazungu, mwanangu?"