Samansi ya Baba Neema

Nilishuka Arusha jioni ya Mei nikiwa na khanga moja begani. Kwetu Pangani baridi ni neno la kumtishia mtoto asiyetaka kuoga; huku inatafuna masikio.

Nilikuja kudai. Mfanyabiashara wa Tengeru alichukua nazi zangu za laki nane, akatanguliza elfu hamsini, kisha simu ikawa haipokelewi. Kwetu ungemtuma mtoto: "Nenda kamwambie nasubiri." Huku nikaelekezwa Mahakama ya Mwanzo.

Nilijiandaa kukutana na Kiingereza cha mawakili. Kumbe mahakama hizi zinaendeshwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi sheria iliwakataza mawakili kusimama humo. Nikajaza madai kwa mkono wangu, kifua mbele, hadi karani aliposoma.

"Mama, mdaiwa anaitwa nani?"

"Baba Neema."

Akacheka. "Tengeru ina akina Baba Neema wangapi?"

Miaka miwili ya biashara, simjui jina! Nikatafuta kwenye simu ule ujumbe wa elfu hamsini: majina yake matatu, yote kwa herufi kubwa. Yakaingia kwenye samansi, nakala mbili zenye muhuri: moja abaki nayo, nyingine airudishe na sahihi. Kama kadi ya harusi, ila huchangii na lazima uende.

Nilidhani nitaipeleka mwenyewe. La, kazi hiyo ni ya msambaza nyaraka. Mimi ni wa kumwonyesha mtu tu.

Jumamosi, siku ya gulio, tukapanda kifodi. Migomba ilijaa kando ya njia kama minazi kwetu, Mlima Meru umejifunika wingu. Msambaza, mzee wa Kimeru, akanisimulia habari za Kirilo Japhet, aliyepeleka kilio cha ardhi ya Wameru hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mimi safari ya Tengeru ilinitosha.

Tulimkuta Baba Neema nyuma ya mikungu ya ndizi. Akaisoma karatasi, akairudisha. "Sisaini." Nikapandwa na jazba, mzee hata hakupandisha sauti. Alimwita mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, akaandika: amekataa kusaini.

Baba Neema akanisogezea mkungu. "Chukua, mama, tuyamalize."

Nikamtazama mzee.

"Pokea ukitaka. Tarehe haibadiliki."

Nikaukataa kwa maringo. Tulipofika Arusha, njaa imenibana, nikanunua ndizi tatu kwa pesa yangu.